Mjusi wa Oklahoma na Masharubu ya Hollis

Wembe ulikuwa umeshawekwa mezani, kati ya bakuli la saladi ya viazi na sinia la mbavu za kuchoma. Hakuna aliyetaka kuugusa.

Hollis Tackett alipapasa masharubu yake kama mtu anayeaga. Yalikuwa na umri mkubwa kuliko trekta lake, na kila Jumapili yalimtangulia kuingia kanisani. Leo yalikuwa dau. Shemeji yake Wendell, aliyewasili jana kutoka Missouri, alikuwa ameweka dau la ndevu zake. Ambaye angeleta mjusi mwenye sura mbaya zaidi angenyolewa mbele ya wote.

"Mjusi wa kola wa Oklahoma ni kijani kama chupa," Hollis alisema. "Kichwa cha manjano, na zile kola mbili nyeusi shingoni kama anakwenda kuoa. Wa kwenu Missouri ana rangi ya maji yaliyooshewa sufuria."

"Endelea kuongea, shemeji. Baadaye huo mdomo tutauona vizuri."

Ardith, mke wa Hollis na dada wa Wendell, alipita kati yao na trei. Mwanamke mpole sana. Alichukua kizimba cha mumewe, chenye mjusi aliyekamatwa asubuhi kilimani nyuma ya zizi, akakisukuma chini ya meza hadi kikaegemea boksi la barafu.

"Jua hili litamuua," alisema.

"Unamwona dada yako?" Hollis alimwambia Wendell. "Mjusi wangu tu anamhurumia hivyo."

Kizimba cha Wendell kilibaki juani, kwenye boneti ya pikapu.

Mwamuzi, Shemasi Truitt, alimaliza mbavu zake bila haraka, akajifuta vidole, akaamuru washtakiwa waletwe. Mjusi wa Wendell aliwaka kijani na manjano. Wa Hollis alitoka chini ya meza akiwa kahawia, kama mkanda wa marehemu.

"Huyu siye," Hollis alisema. "Asubuhi alikuwa anang'aa."

"Asubuhi sikuwepo, ndugu yangu," Shemasi alisema. "Missouri wameshinda."

Wanaume walivua kofia. Wembe aliushika Ardith mwenyewe, kwa sababu, alisema, mke hamwachi mumewe wakati wa shida. Mdomo wa juu wa Hollis, mweupe kama unga, uliona jua kwa mara ya kwanza tangu harusi. Ardith akaubusu, na Hollis akaenda zizini kukaa na msiba wake.

Jikoni, Wendell alikuwa akifuta sahani.

"Dada, mimi Missouri sikukamata hata mende. Yule nimemtoa kilimani kwenu, palepale uliponielekeza. Ila hukuniambia barafu ingemchakaza mwenzake namna ile."

Ardith alimkatia kipande cha pai ya pekani, kinachotosha watu wawili.

"Mwakani," alisema, "mshindanie ile banjo anayonipigia kila usiku."