Mgao wa Mchana

Umeme ulikatika mchana kweupe, na mashine ya oksijeni ikanyamaza. Ntombizodwa akadaka kipande cha boksi, akaanza kumpepea mumewe, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamwisha.

"Ni mgao, mama. Umeme utarudi jioni," alijibu kijana wa shirika la umeme alipompigia simu.

"Jioni hafiki huyu!"

"Sasa mimi nifanyeje, mama yangu?"

Dirishani, dohani za mtambo wa umeme wa makaa zilifuka moshi. Kando yake paneli za jua zilizoletwa kuurithi mtambo huo zilimetameta, bado hazijaunganishwa.

"Jua lote hilo," mumewe alisema, akitabasamu kwa midomo iliyokwisha kubadilika rangi.

Mkono wa Ntombizodwa ulikufa ganzi, naye akazidi kupepea. Mumewe akaushika, akaushusha taratibu kitandani.

"Pumzika, mke wangu."