Uzao wa Jenerali

Huko Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya mji wa Kindu, kila mfugaji anaijua sheria hii: fahali wa mtu akimpanda ng'ombe wa jirani, ndama wa kwanza atakayetokana nao ni wa mwenye fahali. Iliwekwa miaka ya vita, askari wa sare za kila rangi walipokuja kuwakomboa wananchi, wakaanza kwa kuwakomboa ng'ombe wao. Mafahali waliosalia walihesabika kwa vidole.

Papa Kitenge hakuwapo wakati huo. Alikuwa mahali salama, akiipenda nchi yake kwa mbali. Amani iliporudi alirudi nayo, akanunua mitamba saba na fahali mmoja wa ng'ambo, aliyeshushwa kutoka ndege ya mizigo pamoja na cheti chake. Cheti kilieleza kwamba wataalamu walikuwa wamesoma vinasaba vya mnyama huyo, wakathibitisha kwamba watoto wake watajaa nyama. Kitenge alimwita Jenerali.

Mchana kutwa Jenerali alilala kivulini akicheua.

"Mukubwa hakimbiekimbie," Kitenge aliwaeleza wageni.

Jirani yake, Mama Odette, alikuwa mjane mwenye ng'ombe jike mmoja na fahali mfupi aliyeitwa Mukimbizi, wa ukoo wa wale waliofichwa msituni wakati wa vita. Mukimbizi hakuwa na cheti.

Msimu mmoja mvua iliuangusha uzio kati ya mashamba hayo mawili, na Kitenge, mtu wa shughuli nyingi, akachelewa kuusimamisha. Baadaye mitamba wake wote saba walizaa kwa mara ya kwanza. Ndama walinawiri, na mbung'o hawakuwatisha. Walikuwa wafupi kidogo, lakini cheti hakikuwa na mstari juu ya urefu.

Ng'ombe wa Odette naye akazaa ndama jike, mwenye kifua kipana.

"Yule njo mutoto wa Jenerali," Kitenge alisema siku ileile. "Mama Odette, lete kamba."

"Papa Kitenge, mama yake amezeeka, hatazaa tena. Ukimchukua huyu, mimi nitabaki na nini?"

"Sheria haiulizi muntu anabaki na nini."

"Na nani alimwona Jenerali wako akisimama, sembuse kupanda?"

Majirani walicheka. Kitenge hakucheka.

"Sayansi itamwona!"

Akamwita Joëlle, daktari wa mifugo, ang'oe nywele za mkia wa ndama na za Jenerali, zipelekwe maabara. Gharama zote alizibeba yeye, maana mtu wa maendeleo hafanyi mambo nusunusu.

Odette alimtazama ndama wake, kisha wale wa Kitenge.

"Basi wapimwe wote, wangu na wako, pamoja na mafahali wote wawili. Watu wasiseme ni zizi la mjane tu lililotiliwa shaka."

"Wote!" alisema Kitenge, moyo ukimjaa ukarimu. "Tena majibu yasomwe mbele za watu, na sheria ifuatwe bila huruma."

Majibu yalipofika, majirani walijaa uani. Joëlle alisoma kutoka kwenye simu yake: ndama wa Mama Odette ni mtoto wa Jenerali, wala hakuna shaka yoyote.

Kitenge alitoa hotuba fupi juu ya sayansi, na ndefu juu ya heshima ya sheria, huku akimfunga ndama kamba shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Odette alimpapasa mnyama utosini, akamwachia.

"Kuna mwenye kupinga maabara?" Kitenge aliuliza, akiwazungushia macho.

"Hakuna, Papa," alijibu Odette. "Joëlle, mwanangu, endelea kusoma."

Jua halijatua, kila deni lilikuwa limelipwa: ndama mmoja wa Jenerali alivuka kwenda kwa Kitenge, na ndama saba wa Mukimbizi wakavuka kwenda kwa Odette.