Kinywe Kinachoelea

Umeangalia pembeni tena, nimekuona. Hata mwaka ule walipomchomea bibi yetu nyumba kwa kumwita mchawi, ulijifanya unafunga kamba za viatu.

Leo watu wamemgeukia Specioza, fundi redio wa soko la Majimoto. Mezani kwake, juu ya sumaku nne, kinaelea kipande chembamba cha kinywe, yale madini meusi ya penseli. Hakigusi kitu. Akikipuliza, kinatetemeka, halafu kinarudi palepale.

“Mama, hayo majini umeyatoa wapi?”

“Majini gani, nyie? Sumaku zinakisukuma tu. Njoo mwenyewe upitishe karatasi chini yake.”

“Nife mimi? Pitisha wewe!”

Wanacheka, lakini hakuna anayesogea. Dereva wa bodaboda ameshachomeka mpira kwenye tangi lake, ananyonya petroli. Wanakitazama kibanda cha mbao cha Specioza.

Specioza ananyoosha karatasi kwako, wewe uliye karibu na meza.

Ipokee. Ipitishe chini ya kinywe, wote waone. Sasa hivi! Achana na hizo kamba za viatu.