Mkorosho wa Mama

Siwema, mpiga chapa wa mahakama, alikuwa amekuja chuoni kuhuisha cheti chake. Asiyefaulu mtihani wa kasi angepoteza kiti chake mahakamani.

"Haya, akina dada, vidole tayari," alisema mwalimu. "Leo ni kesi ya zamani ya shamba. Kinasa sauti hakimsubiri mtu."

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, imekwaruzwa na kikohozi.

"Mheshimiwa, mambo ya ramani siyajui. Ila mkorosho ule nimeupanda mwenyewe, nikiwa na mimba ya Siwema wangu."

Vidole vya Siwema vikaganda. Tangu wamzike mama yake hakuwa ameisikia sauti hiyo. Nyumbani ilibaki picha tu, na picha haisemi. Mashine za wenzake zilidonoa kama kuku kwenye bati, zikimmeza mama. Akainama apate kusikia.

"We Siwema, andika! Utafeli, mwenzangu," alinong'ona Rehani, jirani yake.

"Chapa polepole, dada. Mama anaongea."

Karatasi yake ilikuwa bado nyeupe. Kwenye kinasa sauti, mama alikohoa, akaomba maji.

Siwema akanyoosha mkono, akaishika bilauri ya maji iliyokuwa mezani.