Vichwa vya Nguruwe Ndani ya Horch

Vichwa vitatu vya nguruwe vilikaa kiti cha nyuma cha gari la Horch, vimepangwa kama abiria, na masikio yalitikisika kila gurudumu lilipopiga jiwe. Alwin Reuther aliviona akiwa mlangoni kwake. Akatema mate.

Ngozi ya kiti kile, nyeupe kama maziwa, aliishona yeye mwenyewe kiwandani, miaka saba iliyopita. Hapa mjini Zwickau karibu kila nyumba ina mtu anayetengeneza magari, lakini Horch ya silinda nane ni gari la wenye nazo. Fundi huliona likitoka getini, basi, ndiyo kwaheri. Hili halikwenda mbali. Lilinunuliwa na Daktari Feilchenfeld wa nyumba ya kona, na kila theluji ilipoyeyuka daktari alimwita Alwin aje aipake ngozi mafuta. Akimaliza, Alwin alikaa kwenye usukani peke yake, mpaka daktari akohoe kwa adabu.

Mwezi wa kumi, alfajiri, watu wa serikali walikuja kumchukua daktari. Walisema ni Myahudi, tena anaisema serikali vibaya mezani kwake. Lisbeth, mke wa Alwin, aliamshwa na kelele akamkuta mumewe dirishani, amekwishavaa mpaka viatu. Alidhani maskini kakosa usingizi. Yeye alilia sana, maana daktari ndiye aliyemtoa mautini alipougua kifua. Macho ya Alwin yalikuwa kwenye gari.

Wiki haikuisha, gari likawa la Kunze, mwenye bucha, yule wa beji ya chama tawala kwenye koti. Mtaa mzima tuliona, na mtaa mzima tuliendelea kununua soseji zake. Nikikumbuka, najionea kinyaa.

Basi Kunze akaligeuza Horch kuwa toroli la machinjioni. Maini, matumbo, ndoo za damu, vyote vilipanda. Damu ilimwagika, ikaingia kwenye mishono, ikaganda, ikaanza kunuka. Nzi waliomaliza msimu kwingine kote walihamia humo.

Siku ile ya vichwa, Kunze alisimamisha gari mbele ya Alwin.

"Vipi, fundi, mbona umenuna? Panda nikutembeze. Sogeza tu hao wazee watatu."

"Unaiua hiyo ngozi, Kunze."

"Ngozi ni ngozi, bwana. Mimi nimechuna nyingi kuliko ulizoshona." Akacheka, akapangusa vidole vyenye mafuta kwenye kiti, taratibu, huku akimtazama Alwin usoni.

Alwin aliingia ndani akatapika kwenye ndoo ya majivu. Chakula cha mchana hakukigusa. Alimwambia Lisbeth kwamba amechoka kunyamaza. Jumatatu ataomba ruhusa kiwandani, aende ofisi ya chama, awaambie wazi kuwa gari lile limekwenda kwa mtu asiyestahili, na kwamba huo ni wizi.

Lisbeth alishtuka. Watu walikuwa wamepotea kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Alwin, nakuomba, usiende. Watakupeleka alikopelekwa daktari."

"Na wanipeleke. Haki ni haki. Hili siwezi kulimeza."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na Lisbeth hakuwahi kumwona hivyo. Mume wake, mtu wa kuinamisha kichwa hata mbele ya karani wa posta, leo alikuwa tayari kufungwa. Aliogopa, na bado moyoni alimwonea fahari. Usiku alipiga magoti akamwombea yeye na daktari kwa pamoja.

Jumatatu Alwin alivaa suti ya kanisani akatoka. Lisbeth alimfuata kwa nyuma kidogo, na mfuko mkononi: soksi mbili za sufu, mkate, kipande cha sabuni. Alikuwa amesikia kwamba kule wanakopelekwa watu kuna baridi. Akakaa kwenye benchi la korido, kwenye ofisi ya chama, akaukumbatia mfuko wake.

Mlango haukufungwa vizuri. Alimsikia ofisa, mtu mwenye sauti ya mafua, akimwambia Alwin kwamba suala la gari la yule Myahudi limekwisha, na ndugu Kunze ni mwanachama mwaminifu. Akamwonya asijitafutie balaa. Lisbeth alifumba macho. Alisubiri kusikia kiti kikiburutwa na walinzi wakiitwa.

"Mwaminifu?" Sauti ya Alwin ilikuwa imepanda, lakini haikutetemeka hata kidogo. "Hebu fungua jalada la daktari, mheshimiwa. Ile barua ya kumshtaki, kurasa mbili na nusu, niliandika mimi, na humu humu mliniahidi gari. Kunze, yeye aliandika nini?"