Rangi Isiyotakiwa

Chini ya hadubini, Ilonka, mwenzetu wa maabara, aliona rangi ya kahawia. Kipande kile cha ubongo kilitoka kwa panya aliyezaliwa bila kipokezi, ile protini ya seli tuliyokuwa tukiichunguza, kwa hiyo hakikupaswa kushika rangi. Kumbe kingamwili yetu, iliyopaswa kunasa kipokezi hicho tu na kukitia rangi, ilikuwa ikinasa kitu kingine. Na kwa kingamwili hiyohiyo Profesa, mkuu wa maabara yetu, alijipatia jina, mji mzima wa Szeged na ng'ambo.

“Umechanganya vioo vya sampuli, binti yangu,” Profesa alisema, akikoroga kahawa.

“Nimerudia mara nne, Profesa.”

Akainama kutazama mwenyewe. Kijiko kikatulia kikombeni.

“Nani mwingine ameona?”

“Wewe tu.”

Alikichomoa kile kioo, akakishika kwa ncha za vidole. Kisha akakirudisha.

“Waite wenzako wote waje waone. Fanya haraka, kabla shetani hajanipitia.”