Koti la Studio

Mpiga picha alimvika Mbaruku koti jeusi, lile wanaloazimwa wateja wasio na lao. Mbaruku akajitazama kwenye kioo, akapigwa na butwaa. Kola ya mahameli, vifungo vyenye nanga: ndilo koti la marehemu baba yake, la kwenye picha ya sebuleni, ambalo mama alisema liliibwa. Katika picha ile baba kaweka mkono kifuani, kama mtu anayeapa.

"Mzee, hili umelipata wapi?"

"Nimelikuta humuhumu studio, mwanangu. Nusu ya mji wamelivaa. Ila ziba hapo kifuani, pana tundu la pasi."

Mbaruku aliinua mkono taratibu. Kidole chake kikazama kwenye tundu.

"Hapohapo," mzee akasema. "Usitikisike."